Umri wa Mtoto Haungoji



Mwezi huu tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza: besiboli. Tafadhali, dada, usifunue ukurasa mwingine. Habari yenyewe si ya mpira tu. Ni habari ya watoto wa jirani zetu wa Uganda, na ya karatasi moja ambayo huenda hata wewe hukumbuki umeiweka wapi.

Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga, hukimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake imepata pointi moja. Kila mwaka mwezi wa Agosti, timu za watoto wa miaka kama 12 kutoka nchi mbalimbali hukutana mjini Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, kushindania ubingwa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1947. Miaka zaidi ya 60 ikapita bila timu hata moja ya Afrika kucheza pale.

Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilisafiri hadi Kutno, nchini Polandi, ikashinda mashindano ya kanda. Basi, safari ya Marekani ikawa haki yao. Tunaweza kufikiri jinsi majirani walivyoshangilia na akina mama walivyoanza kutafuta viatu na sweta. Lakini walipoomba viza, walinyimwa. Hati za baadhi ya watoto zilikuwa na kasoro: habari za umri na kuzaliwa hazikulingana. Timu nzima ikabaki nyumbani, na timu ya Saudi Arabia, ambayo wao walikuwa wameishinda, ikaenda mahali pao.

Watoto wa Langley, Kanada, ndio waliokuwa wacheze nao mchezo wa kwanza. Hao hawakuwasahau. Mwezi wa Januari 2012 walisafiri wenyewe mpaka Uganda ili mchezo ule uchezwe. Waganda wakashinda kwa pointi 2 kwa 1. Huo ulikuwa upendo wa kweli, nasi tunawashukuru wazazi waliowalea watoto wa namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2012 ikaja zamu ya timu nyingine, watoto wa Lugazi, ule mji wa mashamba ya miwa ulio kati ya Kampala na Jinja. Nao walishinda kule Kutno. Safari hii hati zilikubaliwa, wakapanda ndege. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport.

Je, walishinda kila mchezo? Hapana. Panama iliwafunga 9 kwa 3, na Meksiko ikawafunga 12 kwa 0. Mama yeyote anajua mtoto anavyorudi nyumbani akiwa amefungwa namna hiyo. Lakini watoto wa Lugazi hawakukata tamaa. Katika mchezo wao wa mwisho walikutana na timu ya Gresham kutoka jimbo la Oregon, wenyeji wa nchi na wa mchezo wenyewe, wakawashinda 3 kwa 2.

Mlango ukishafunguliwa na mmoja, wengine hupita. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda, kutoka Mpigi, ilifika Williamsport na kuishinda Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli ni kama chakula chao cha kila siku. Mwaka 2022 klabu kubwa ya Marekani, Los Angeles Dodgers, ilitia saini mikataba na vijana wawili wa Uganda. Mchezo uliokuwa wa watoto wachache sasa umekuwa njia ya maisha kwa wengine.

Nasi tunafurahi pamoja nao. Hata hivyo, mioyo yetu inarudi kwa wale wa Kampala wa mwaka 2011. Vipaji walikuwa navyo, na bidii pia. Lakini hati zinaweza kusahihishwa mwaka unaofuata. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuambiwa abaki na miaka 12 mpaka karatasi zipatikane.

Tukumbuke kwamba Mariamu, akiwa mja mzito, alisafiri pamoja na Yusufu mpaka Bethlehemu ili waandikishwe. Safari ilikuwa ngumu, lakini hawakuidharau. Hata familia aliyozaliwa Mwokozi wetu ilikwenda kuhesabiwa na serikali. Basi tusiseme kwamba mambo ya ofisini si ya kiroho.

Jioni ya leo, mama, fungua lile sanduku au lile kabati. Tazama kama kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Linganisha jina na tarehe na zile za kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na kumbukumbu za shule. Herufi moja iliyokosewa isahihishwe sasa, mtoto akiwa bado mdogo. Usikubali mtu akushauri kupunguza miaka ya mtoto ili apate nafasi fulani. Uongo huo atakuja kuulipia yeye. Na kama katika jumuiya yenu yupo bibi anayelea wajukuu yatima, msindikizeni mpaka kwa msajili, maana mara nyingi watoto hao ndio wasio na karatasi yoyote.

Hatujui Mungu amemwekea mtoto wako mlango gani. Pengine ni mpira, pengine chuo, pengine kazi ya mbali. Ombi letu ni kwamba siku mlango huo utakapofunguka, asizuiliwe na kitu ambacho sisi wazazi tungeweza kukitengeneza mapema.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.