DNS mbadala: ulinzi wa familia wenye mipaka

Mtumiaji anapoandika anwani ya tovuti, mfumo wa majina ya intaneti, DNS, huibadilisha kuwa namba zinazowezesha kompyuta kuifikia. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na mtoa huduma wa intaneti, lakini mwananchi anaweza kuchagua mwingine bila malipo.

Quad9, taasisi isiyo ya kibiashara yenye makao Uswisi, hutumia anwani 9.9.9.9 kuzuia tovuti zinazofahamika kuwa za kitapeli au zenye virusi. Mwaka 2020, kampuni ya Cloudflare ya Marekani ilianzisha 1.1.1.3, inayozuia pia maudhui ya ngono. Mzazi akiiweka kwenye ruta, kwa kawaida vifaa vyote vinavyotumia Wi-Fi ya nyumbani huifuata.

Hata hivyo, kinga hiyo haizuii ujumbe mfupi au simu ya tapeli anayeomba namba ya siri, na mtoto akihamia data ya simu huikwepa. Aidha, mwendeshaji wa DNS anaweza kuona majina ya tovuti zinazotafutwa. Hivyo, kubadili huduma ni kuhamisha imani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ni muhimu mwananchi asome sera ya faragha kabla ya kuchagua, na mzazi aendelee kuzungumza na watoto wake.