Wosia Tulioandikiwa Mwaka 1963

Husemwa kwamba watu wa Tarime na Serengeti hawaachi wosia. Nimelisikia hilo kwa wanaharakati, na kwa wanafunzi wenzangu wa shahada ya uzamili, wanaolitamka kwa sauti ya huruma kama wanaotaja maradhi. Silikubali. Kila mzee wa kwetu anao wosia, hata asiyejua kusoma, ila hakuuandika yeye. Uliandikwa mwaka 1963, ukatoka kama Tangazo la Serikali Na. 436, na ndio utakaosomwa juu ya ng'ombe wake na mashamba yake iwapo atakufa kimya.

Tuusome basi, maana wengi wanaoutetea kwa jina la mila hawajawahi kuufungua. Warithi wamepangwa kwa madaraja matatu. La kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza. La pili ni la watoto wa kiume wengine. La tatu ni la mabinti wote, hata kama mmoja wao ndiye kifunguamimba aliyewasomesha hao wengine. Binti anaweza kuitumia ardhi ya ukoo, lakini hawezi kuiuza, labda ukoo uwe umeishiwa wanaume. Na mjane? Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, msomaji, kisha fikiria mji wa kawaida wa Nyamwaga au wa vijiji vya jirani na Mugumu. Nani anaamka alfajiri kupalilia mahindi na mihogo? Nani anakamua, anachota maji, anapeleka mzigo gulioni? Mwanamke huyo akifiwa na mume, siku ya kuanua matanga atakaa mkekani pembeni huku kikao cha ukoo kikimteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Hakuna atakayemtukana wala kumfukuza siku hiyo. Atakuwa tu amehama kutoka kuwa mwenye shamba na kuwa mtu wa kutunzwa.

Tumezoea kuwalaumu wazee kwa haya. Wazee wana lawama yao, lakini ukimya huu unawanufaisha zaidi watu wa rika letu. Kaka yangu msomi, hapa nasema nawe. Uko Dar es Salaam au Mwanza, mtandaoni unaandika vizuri kuhusu haki za wanawake. Ukifika nyumbani, suala la shamba likitajwa, unashusha macho na kusema, "Hayo tuwaachie wazee, mila ni mila." Mila hiyo hiyo uliikataa ilipotaka kukuchagulia mke. Unaikubali pale inapokuletea ekari.

Utetezi wa kwanza unaosikika ni kwamba anayeandika wosia anajiitia kifo. Wakurya tusingepaswa hata kuutamka. Ni jamii gani iliyojiandalia kifo kwa makini kuliko yetu? Nyumba ntobu ni nini kama si mpango wa mirathi? Mama asiyezaa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba yake, wairithi. Huyo ni mwanamke aliyekitazama kifo chake usoni, akahesabu, akapanga.

Wala simsifu kwa yote. Inaniuma kwamba alilazimika kutumia ng'ombe hao ili tu shamba alilolilima mwenyewe lipate mwanamume wa kulirithi. Inaniuma zaidi kwa binti aliyeolewa, ambaye mara nyingi ametoka nyumba maskini na kuulizwa kwake ni kwa jina tu. Na mpango wenyewe una ufa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ndoa hii haimo. Bibi akifa bila neno, watoto wa nyumba yake wanabaki wakitegemea hisani ya wakwe. Karatasi moja yenye majina yao ingewakinga kuliko ng'ombe wote aliotoa.

Utetezi wa pili ni kwamba wosia ni mambo ya Wazungu. Hata tangazo lile la 1963, pamoja na ubaya wake, linamkanusha anayesema hivyo, kwa kuwa linautambua wosia wa mdomo: mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi nao unakubalika, mradi uandikwe kwa wino, kalamu ya risasi haifai. Na mzee hapewi ruhusa ya kumnyima mrithi wake kwa hasira za jioni moja. Lazima ataje sababu, na mrithi apewe nafasi ya kujitetea. Hakuna Uzungu hapo. Ni baraza la nyumbani, ila limewekwa kabla ya msiba badala ya baada yake.

Utetezi wa tatu ndio wenye uzito: ardhi itatoka nje ya ukoo. Naiheshimu hofu hiyo. Tarime ardhi ni finyu, na koo zimewahi kumwaga damu kwa ajili ya mipaka. Lakini tuulizane kwa ukweli, ni nani anayeiuza leo? Wanaume wanauza viwanja barabarani kuelekea Sirari, na sijasikia matanga yakiwekwa kuomboleza. Ardhi hugeuka kuwa takatifu pale mnunuzi anapokuwa amepewa mkono na mwanamke.

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba. Tazama kesi ilivyoanza: baba alisema neno lake akiwa hai. Bila neno hilo, Holaria angekuja mahakamani mikono mitupu.

Tangu hapo sheria zetu zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi. Hata hivyo wajane wawili kutoka Shinyanga walipolipinga tangazo la 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba linabagua, kisha ikakataa kulifuta. Rufaa ikatupwa kwa kasoro za kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliwapa wajane hao haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake.

Kwa hiyo sitasema wosia unatosha. Mjane hawezi kumwandikia mumewe wosia, na haki isiyopatikana mpaka baba awe mwema bado ni sadaka. Tangazo lile lifutwe. Lakini bunge halifi, baba zetu wanakufa, na shamba haligawanywi mara mbili.

Baba yangu yu hai, na ninayaandika haya makusudi akiwa hai. Nilipomuuliza, "Tata, shamba la bondeni ni la nani?" alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama nimeolewa na haraka gani. Mama alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua kichwa. Kesho yake asubuhi baba aliniambia nilete daftari. Tumeshaandika orodha: mashamba, ng'ombe, madeni, nani anadaiwa. Mashahidi wawili wa ukoo amewataja mwenyewe. Wawili wa nje bado anawafikiria, na nakala moja tutaipeleka RITA.

Wewe wa kwako yu hai? Likizo ijayo usimpelekee sukari peke yake. Nenda na daftari na kalamu ya wino, umuulize mchana kweupe, mama yako akisikia.