Si Kila Ugonjwa Dawa Yake ni Kusasisha Programu

Wasomaji wangu, leo mniwie radhi, maana naandika nikiwa na hasira. Nimechoka kusikia mafundi wakisema, "Hiyo ni programu tu, isasishe." Neno hili limekuwa kichaka cha kufichia kazi iliyofanywa nusunusu. Ukipeleka simu isiyoshika chaji, utaambiwa iflashiwe. Sasa ugonjwa huu umepanda hadi kwenye ndege.

Juzi rafiki yangu ambaye ni rubani alinitembelea hapa nyumbani Katelembo, flashi mfukoni. Ana ndege nyepesi ya viti viwili, ya lile kundi ambalo Marekani ililiwekea kanuni mwaka 2004, uzito usizidi kilo 600 kwa ndege ya kutua nchi kavu. Ilikuwa imetoka matengenezoni. Tangu itoke, otopailoti, yaani mtambo wa kuiongoza ndege bila mkono wa rubani, ilikuwa haitii: akiielekeza kusini mashariki, inakwenda pembeni. Fundi akamwambia asasishe programu. Akasasisha. Ugonjwa ukabaki palepale.

"Ndugu yangu," akaniambia, "hebu niangalizie hii programu."

Sikuiangalia. Nilimwuliza, "Kule karakana walishika nini?"

Sisi waandishi wa programu, kitu kilichofanya kazi jana kikigoma leo, swali la kwanza ni hilo: nini kimebadilika? Kitabu cha matengenezo kilisema taa ya ncha ya bawa ilibadilishwa. Na ndani ya bawa lilelile, si mbali na taa, ndimo kinamokaa kihisio cha sumaku, dira ya kielektroniki inayoiambia otopailoti pua ya ndege imeelekea wapi.

Tukafungua kumbukumbu za safari kwenye kompyuta yangu. Angani, pua ya ndege na njia inayopita havilingani kila mara, kwa sababu upepo huisukuma ubavuni. Lakini ndege ikitambaa ardhini kuelekea njia ya kurukia, pua na njia ni kitu kimoja. Kabla ya matengenezo, dira na GPS zilikubaliana katika kipande hicho. Baada ya matengenezo, zilipishana nyuzi 20 hivi. Tena rafiki yangu akakiri kwamba akiiambia otopailoti ifuate njia ya GPS badala ya dira, inatulia tuli. Programu ileile, mota zilezile. Mwongo alikuwa dira.

Kesho yake taa ikafunguliwa. Skrubu za chuma cha kawaida zilikuwa zimetiwa mahali pa zile zisizovutwa na sumaku! Zikabadilishwa, dira ikasawazishwa upya, kazi ikaisha. Skrubu tu, na mtu ameambiwa apakue programu.

Mtasema ni jambo dogo. Si dogo. Oktoba 28, 2018, huko Bali, Indonesia, mafundi walibadilisha kihisio kinachopima pembe ya hewa kwenye Boeing 737 MAX ya Lion Air. Ripoti ya wachunguzi wa Indonesia ya mwaka 2019 ilieleza kwamba kihisio hicho kilikuwa kimepotoka kwa nyuzi 21, na haikuweza kuthibitishwa kwamba kilipimwa ipasavyo baada ya kufungwa. Usiku huo marubani walipambana nayo hadi Jakarta. Asubuhi yake ikaanguka baharini na watu 189.

Nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Programu ya ndege ile, MCAS, haikuwa otopailoti, lakini ilisukuma pua chini yenyewe, ikisikiliza kihisio kimoja ilhali ndege ilikuwa na viwili. Hiyo ni dhambi ya watu wa kazi yangu. Machi 10, 2019, programu hiyohiyo ilichangia kuiangusha ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi. Walikufa watu 157, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Sisemi programu hazina makosa, wala sisemi msizisasishe. Nasema kusasisha si uchunguzi.

Kwa hiyo, bwana fundi, andika kila ulichoshika, hata skrubu. Kisha pima: geuza ndege pande nne hapo ardhini, injini na taa zikiwaka, uone kama dira inasema kweli. "Nimemaliza" bila kipimo ni kubahatisha.

Mwenye ndege, usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukirundika programu mpya juu ya ubovu, hutajua kilichoharibu wala kilichoponya. Na ndege ikitoka matengenezoni, safari ya kwanza iwe mchana, hali ya hewa nzuri, bila abiria, nawe ukijua kitufe cha kuzima otopailoti kiko wapi hata ukifumba macho.

Nasi waandishi wa programu, vihisio viwili vikibishana, tumwambie rubani waziwazi. Tusimchagulie ukweli kimyakimya.

Nimemaliza. Kama wewe ni fundi na nimekukera, karibu tubishane. Lakini kwanza niambie: mara ya mwisho ulishika nini, na ulikipimaje?