Televisheni Iliyopoteza Sauti

Kwa muda wa wiki tatu televisheni ya ukumbini kwetu ilikaa kama picha ya ukutani: watu wanacheka, wanalia, wanasoma habari, na chumba kimya. Aliyetufikisha hapo ni mpwa wa mume wangu, kijana mwenye mikono hodari na subira chache, aliyechoshwa na mkwaruzo wa spika. Alifungua mgongo wa chombo, akakata nyaya, akazitoa spika zote mbili na kuahidi kuleta nyingine siku ya Ijumaa. Kabla ya Ijumaa kufika akapata kazi ya safari, akaenda zake.

Simlaumu sana. Sisi tunaoishi karibu na bahari twaijua hewa ya chumvi na unyevu wake. Uso wa spika aghalabu ni wa karatasi, na ukishalegea au kuchanika, sauti hutoka kama mende aliyefungiwa koponi.

Lililoniuma ni jambo jingine. Mavyaa wangu ni mtu mzima, na masikio yake yameanza kuwa mazito. Kila usiku baada ya Isha hukaa kwenye kiti chake akasikiliza habari, kisha akatueleza sisi tuliokuwa jikoni mambo ya dunia. Siku za mwanzo aliuliza, "Wasemani hao?" Watoto wakawa wanamjibu kwa kubuni, huku wakicheka. Siku ya nne aliuliza kwa sauti ya chini. Siku ya sita hakutoka chumbani. Nilipomweleza kuwa spika zimetolewa, aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayejua kuwa anafarijiwa. Ndipo nikafahamu kwamba bibi wa watu anadhani masikio yake yamekufa, nasi twamficha.

Mpenzi msomaji, televisheni iliyotolewa spika haijapoteza sauti. Imepoteza mdomo tu. Sauti bado inatengenezwa ndani, na chombo kina njia nyingine za kuitolea nje. Geuza mgongo wake utazame matundu. Tundu dogo la duara, la milimita 3.5, ni la spika za masikioni. Matundu mawili, jekundu na jeupe, yafaa iwapo tu yameandikwa OUT. Yaliyoandikwa IN ni ya kupokea sauti kutoka kwenye deki, na hayatakusaidia hata ukiyabembeleza mchana kutwa. Tundu la mraba lenye neno OPTICAL hupitisha sauti kwa mwanga. Na katika matundu ya HDMI, huenda moja likawa na herufi ARC.

Mimi nilianza na lililo rahisi. Kabatini tulikuwa na redio kuukuu yenye tundu la AUX. Nikanunua waya wenye ncha ya milimita 3.5 huku na huku, nikatia upande mmoja kwenye tundu la spika za masikioni na wa pili kwenye redio. Uzuri wa njia hii ni kwamba katika televisheni nyingi rimoti ile ile huendelea kupandisha na kushusha sauti. Anza na sauti ndogo pande zote mbili, usije ukawashtua majirani.

Anayetumia tundu la OPTICAL ahakikishe kwanza kuwa spika anazonunua zina tundu kama hilo. Akiunganisha na asisikie kitu, aingie kwenye mipangilio ya sauti achague PCM. Mara nyingi tatizo huwa hapo. Asishangae pia rimoti ya televisheni ikikataa kuongoza sauti, kwani njia hiyo kwa kawaida huitoa kwa kiwango kimoja. Ya ARC haina usumbufu huo, mradi vyombo vyote viwili viwe nayo.

Sasa zile nyaya zilizokatwa ndani. Dada zangu, msizichomeke kwenye AUX ya redio, wala msiunganishe nyaya mbili nyeusi pamoja; zimetoka kwenye kikuza sauti chenyewe, na kosa hilo laweza kukiunguza. Kila ncha ifungwe peke yake kwa utepe wa umeme. Anayetaka kurudisha spika za ndani asome nyuma ya zile za zamani: zikiwa za omu 8, asitie za omu 4, na alama za + na - zifuatwe, kwani spika moja ikigeuzwa, sauti nzito hufifia. Kazi hiyo mwachieni fundi. Ndani ya televisheni mna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na havijui huyu ni mama wa watoto wadogo.

Nilimaliza kuunganisha waya wangu saa tatu usiku, habari zikiwa katikati. Nikapandisha sauti kidogo, kisha kidogo tena, kisha nikapandisha hata watoto wakaziba masikio. Mlango wa chumba ukafunguka. Mavyaa akasimama akitazama kioo, halafu redio, halafu mimi. Akaenda kwenye kiti chake, akatengeneza leso yake mabegani, akaketi.

"Hebu punguzeni hiyo," akasema. "Kwani mimi kiziwi?"