Ndege ya Nyuzi Mbili



Mama mmoja wa upande wa Ngaramtoni ameniandikia. Mwanawe wa miaka 12 hana kazi nyingine ila kuunda eropleni za mabua ya mahindi. Juma lililopita moja ilinasa katika nyaya za umeme, naye kijana akachukua mti mrefu mbichi ili aitungue. Jirani alimwahi zikiwa zimebaki hatua chache. Tena binamu yake wa mjini amemwahidi injini ndogo ya kufunga puani mwa ndege. Mama auliza: azichome zote motoni?

Mama yangu, usizichome. Injini ikatae, na ndege ifungwe nyuzi.

Kwanza hiyo injini. Nyingi za namna hiyo hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Methanoli haina rangi, yanukia kama pombe kali, nayo yapofusha na kuua. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika nchi jirani ya Kenya kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Chupa yake haifai kukaa chini ya kitanda katika nyumba yenye watoto.

Lakini tamaa ya mtoto si mbaya. Anaona ndege ndogo zikipanda kutoka uwanja wa Kisongo na kuwapeleka watalii Serengeti. Na katika vijiji vya Umasaini wapo wengi wanaozikumbuka ndege za huduma ya tiba aliyoianzisha Padre Pat Patten, wa Shirika la Roho Mtakatifu, miaka ya 1980, zikishuka porini na wauguzi na chanjo. Mtoto aliyeona hayo asipotamani kuunda ndege, mimi ningeshangaa.

Ndege ya nyuzi haiendi mbali. Huzunguka duara, nawe umesimama katikati. Mmarekani Jim Walker, wa mji wa Portland, aliueneza sana mchezo huu miaka ya 1940. Nyuzi ni mbili, na hapo ndipo penye akili yote. Uzi mmoja huizuia tu ndege, kama mbuzi malishoni. Nyuzi mbili huiongoza: ukivuta wa juu yapanda, ukivuta wa chini yashuka. Asiye na injini huikokota kwa fimbo ya mita moja na kitu, ncha ya fimbo ikitangulia mbele ya ndege wakati wote.

Mabua yaachwe, hayavumilii kuanguka. Tafuta mlingoti wa mkonge uliokwisha kukauka katika ua wa shamba. Mkonge huchanua mara moja tu kisha hufa, kwa hiyo mwenye ua hatakunyima. Ndani ni laini na mwepesi, hukatika kwa kisu na kulainika kwa msasa. Pasua bawa la sentimita 50 kwa 10, unene milimita 4. Upana usipotosha, unga vipande viwili kwa gundi ya mbao. Kiwiliwili ni kijiti cha mti mgumu kidogo, sentimita 40. Mkia sentimita 18 kwa 7, na nusu yake ya nyuma iwe ulimi unaoinuka na kuinama, bawaba yake kitambaa kilichogundishwa.

Chini ya bawa, penye kiwiliwili, sentimita 4 kutoka ukingo wa mbele, pigilia pembetatu ndogo iliyokatwa katika dumu bovu la plastiki. Izunguke kwa urahisi juu ya msumari wake. Pembe mbili zafungwa nyuzi, nazo hutoka kupitia vitundu viwili vya waya penye ncha ya bawa la kushoto. Pembe ya tatu yashika spoki ya baiskeli, nayo spoki yasukuma ulimi wa mkia. Vijana hupenda kupaka rangi. Rangi ni uzito! Ikiwa tayari, ndege yote isizidi uzito wa mayai mawili.

Sasa sikilizeni vizuri. Ibebe kwa ncha za vidole chini ya bawa, sentimita 2 nyuma ya ukingo wa mbele. Pua iiname kidogo, na isipoinama ibandike nta. Msumari mdogo uingie katika ncha ya bawa la kulia. Pezi lililosimama mkiani ligeuzwe kidogo kuelekea kulia. Yote haya yana sababu moja, kwamba ndege itake daima kukimbilia nje ya duara. Nyuzi zikilegea, hata kwa nukta moja, huna ndege tena; una kijiti kinachoanguka.

Nyuzi ziwe za mshona viatu, mita 4 na nusu kila moja, sawasawa kabisa. Hupita katika vipete viwili vya waya penye ncha ya fimbo, zikaishia kwenye mpini wa sentimita 12, mmoja juu, mwingine chini. Fimbo mkono wa kulia, mpini wa kushoto. Kabla ya kurusha, vuta uzi wa juu. Ulimi ukiinama badala ya kuinuka, badilisha nyuzi.

Nendeni uwanja wa shule asubuhi, kabla upepo wa Meru haujaamka, mbali na nyaya zote, na watoto wadogo wakae nje ya duara. Ndege iliyonasa katika umeme ni ya TANESCO, si yako. Bawa la kushoto likuelekee wewe. Mwanafunzi hukosea pale pale: hukunja kiganja kwa hofu, ndege ikapanda wima, nyuzi zikalegea. Asogeze mkono mzima kutoka begani, kidogo kidogo, na macho yasiiache ndege, maana akitazama miti kizunguzungu kitamwangusha yeye kwanza. Mizunguko mitatu yatosha siku ya kwanza, kisha akae chini.

Mwanao atavunja nyingi, Mama. Aukate mlingoti mzima, auhifadhi darini juu ya jiko. Mbao za ndege kadhaa zitatoka humo.