Barabara ya kwenda jana



Mwezi huu sizungumzi juu ya pamba wala kupe wa ng'ombe. Nataka tuzungumze juu ya hadithi. Mkulima akimaliza palizi naye hukaa kivulini akasoma kitu cha kumfurahisha.

Ziko hadithi ambazo kila zikisomwa huzusha ubishi. Ni hadithi za mtu anayesafiri katika wakati. Mtu huyo haendi Tarime wala Mwanza. Anakwenda mwaka mwingine. Analala leo, anaamka miaka mia mbele. Au anarudi nyuma, anamkuta babu yake akiwa kijana. Msomaji mmoja hucheka. Mwingine hukasirika akasema huu ni uongo mtupu.

Ndiyo, ni uongo. Hata hadithi ya sungura na fisi ni uongo, na hakuna anayemkataza bibi kuisimulia. Lakini uongo wa hadithi una sheria zake. Sungura akisema kama mtu, watoto wanakubali. Sungura akimmeza tembo, watoto wanakataa. Basi, safari ya wakati ina sheria gani?

Mimi ninalo wazo langu. Nimelipata katika Kiswahili chenyewe, katika vipande viwili vidogo vya maneno. Kimoja ni -ka-. Kingine ni -ngali-.

Tuanze na -ka-. Soma sentensi hii: "Musa akaamka, akachukua jembe, akaenda shambani, akalima." Kila -ka- ni hatua moja mbele. Maneno yanafuatana kama ng'ombe wanaokwenda mtoni kwa njia nyembamba. Sasa jaribu kuwarudisha: "Musa akalima, akaenda shambani, akachukua jembe, akaamka." Unaona? Hukumrudisha Musa kitandani. Umesema jambo jingine kabisa. Umesema Musa alilima bila jembe, tena usingizini.

Kwa hiyo kwenda mbele ni rahisi. Njia ipo. Sote tumo njiani, mimi na wewe na mbuzi wako. Mtunga hadithi anachofanya ni kumpitisha mtu wake upesi kuliko sisi.

Njia ya zamani ya kumpitisha ni usingizi. Waislamu wanaijua habari ya Watu wa Pangoni, iliyomo katika Kurani, sura ya 18. Wakristo wa zamani nao waliisimulia, wakawaita Walalaji Saba wa Efeso. Katika Kurani, vijana waliokimbia watu wasiomwamini Mungu wanalala pangoni miaka 300, na 9 zaidi. Wanapoamka wanadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wanamtuma mwenzao mjini na fedha zao akanunue chakula.

Angalia hapo kwenye fedha. Mtu aliyelala hajijui kwamba amesafiri. Kitu cha mfukoni ndicho kinachomtangaza.

Hebu tuilete habari hiyo Kiabakari. Tuseme kijana mmoja alilala ndani ya shimo la mgodi wa dhahabu mwaka 1960. Anatoka leo. Anaingia dukani kununua sukari, anatoa shilingi yenye picha ya simba, ile ya Afrika Mashariki. Shilingi yetu ya Tanzania ilianza mwaka 1966, yeye hajaiona. Mwenye duka anaigeuzageuza ile ya simba. Kijana anauliza habari za Mwalimu, yule mtoto wa Chifu Burito wa Butiama: je, amefaulu kupata uhuru? Anajibiwa kwamba uhuru ulipatikana mwaka 1961, na kwamba Mwalimu alifariki mwaka 1999, amezikwa huko huko Butiama. Uhuru na msiba anavipata kwa siku moja, kabla hajafungiwa sukari yake.

Njia ya pili ni mashine. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu mwaka 1895. Ndani yake mtu anatengeneza chombo chenye tandiko la kukalia, kama baiskeli, na mikono ya kuongozea. Anakipanda, anafika mwaka 802,701. Huko anawakuta watu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja linaishi juu ya ardhi, linacheza na kula matunda. Fungu la pili linaishi chini ya ardhi kwenye mashine, na usiku linatoka kuwakamata wale wa juu na kuwala. Wells alikuwa akiwasema matajiri na wafanyakazi wa nchi yake, wa siku zake. Aliwapeleka mbali sana ili Waingereza wenzake waweze kuwatazama vizuri. Hapa kwetu palipochimbwa dhahabu, habari ya watu wa juu na watu wa chini ya ardhi haihitaji maelezo mengi.

Sasa tugeuke nyuma. Huko ndiko kwenye kazi.

Kiswahili kinacho kipande cha kuitazama jana, nacho ni -ngali-. "Ningalijua, nisingalikwenda." Sikilizeni neno hilo. Linakuonyesha mlango, na papo hapo linakuambia umefungwa. Hadithi za kurudi nyuma zote ni za watu wanaousukuma mlango huo.

Wakiusukuma kwa ujinga, wanapata fundo. Tuseme kijana anarudi kwenye ujana wa babu yake. Usiku anaiba ng'ombe zizini, hajui ni wa nani. Kumbe ni ng'ombe wa mahari ya babu! Mahari haitolewi. Bibi anaolewa ukoo mwingine. Baba hazaliwi, kijana naye hazaliwi. Sasa nani aliyeiba ng'ombe? Kama hakuna mwizi, ng'ombe wapo zizini. Kama wapo, mahari inatolewa, kijana anazaliwa, anarudi kuwaiba. Hata baraza la wazee likikaa mwaka mzima halitamaliza kesi hiyo.

Kwa kesi ya ng'ombe tunacheka. Lakini ziwa letu linayo jana ambayo si ya kucheka. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Watu mamia walikufa. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma. Wako watu kando ya ziwa ambao mpaka leo wanasema: "Ningalikuwapo bandarini, ningalimzuia."

Basi mtunga hadithi na ampeleke mtu mmoja bandari ya Kemondo, jioni ya tarehe 20, meli inapopakia. Atafanya nini?

Anaweza kupiga kelele: "Msipande!" Nani atamwamini? Mtu mgeni, hana cheo, anazungumza juu ya kesho. Watu wana mizigo yao na tiketi wamekata. Wanapanda. Katika hadithi ya namna hii yaliyotokea hayabadiliki, na kelele za yule mtu zilikuwamo tangu mwanzo.

Au anaaminiwa. Meli haiondoki, watu wote wanalala salama. Lakini hapo fundo la ng'ombe linarudi. Kama hapakuwa na msiba, yeye alitumwa na uchungu gani kurudi nyuma? Mtunzi asiyejibu swali hilo amenipunja, hata kama machozi yamenitoka.

Au njia inagawanyika pale bandarini kama njia panda. Upande mmoja meli inafika, watu wanashuka na ndizi zao. Upande mwingine makaburi ya Igoma yapo palepale. Msafiri ameokoa watu kweli, ila ni wa upande ule. Akirudi kwake, hamkuti yule aliyemfuata. Hii ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi. Mtu analipa, tena analipa kwa kilekile alichokwenda kukitafuta.

Iko hila nyingine, na ni mwandishi wetu wa Zanzibar aliyeitumia, Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001. Yeye hakumrudisha mjukuu nyuma. Babu mwenyewe, aliyekwisha kufa, ndiye anayekuja kwa mjukuu wake mkubwa wa serikali. Hapo hakuna fundo lolote la mahari. Jana imekuja yenyewe mlangoni, na mjukuu ndiye anayepaswa kueleza nyumba ameitunzaje.

Mkikipata kitabu hicho, someni polepole, kina maneno magumu. Na yeyote kati yenu mwenye jibu la kesi ya ng'ombe wa mahari, anikute Kiabakari siku ya gulio. Aje na shahidi.