Gari Likikataa Kuwaka Likiwa na Joto, Lichunguze Papo Hapo

Hebu niambie, msomaji, kama jambo hili halijakupata. Umeondoka Nairobi asubuhi na jamaa yako, na gari limewaka ulipozungusha ufunguo mara moja tu. Mnafika Mtito Andei, karibu nusu ya safari ya Mombasa, mnashuka kunywa chai na kunyoosha miguu. Baada ya dakika 20 mnarudi garini. Unazungusha ufunguo, gari linakohoa na kukataa. Unajaribu tena, linakataa. Watoto wanatazamana, mama yao anatazama nje dirishani, na vijana wa hapo wameshaanza kusogea wakijitolea kusukuma. Nusu saa baadaye, wakati umekwisha kata tamaa, gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Ukirudi mjini unalipeleka kwa fundi. Linalala hapo, na asubuhi fundi analiwasha likiwa baridi. Linanguruma mara moja. Sasa mambo ni mawili. Ama atakuambia gari halina ubaya wowote, ama atakisia. Na fundi akikisia, anayelipa ni wewe. Leo atataka plagi mpya, wiki ijayo betri, wiki ya tatu pampu ya petroli. Pesa za karo zitaishia katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, na ugonjwa ungalipo.

Ninalotaka kukuambia Jumapili ya leo ni moja tu: ugonjwa unaokuja na joto huchunguzwa wakati wa joto. Gari likipoa, ushahidi wote umetoweka. Tena aliyekuwapo wakati gari lilipogoma ni wewe, si fundi. Zile dakika chache unazozitumia kupiga usukani na kulaani ndizo dakika za thamani kuliko zote, kwa maana ndipo gari linapokuonyesha linapoumwa.

Kwanza tufahamu kinachotokea. Wakati injini inazunguka, maji hutembea ndani yake kwenda kwenye rediata na kurudi, na feni huvuta hewa. Unapozima gari, mzunguko wa maji husimama, na katika magari mengi feni nayo husimama, ilhali chuma cha injini kingali kimejaa joto. Joto hilo halina pa kwenda ila kupanda juu na kuingia katika nyaya, koili, sensa na bomba za petroli. Kwa hivyo, chini ya boneti huzidi kuwa moto kwa muda baada ya gari kuzimwa, kabla ya kuanza kupoa. Ndiyo sababu gari huweza kuwaka ukilizima kwa dakika 2, likagoma ukikawia dakika 20, na likawaka tena baada ya saa mbili. Muda huo uandike. Utamsaidia fundi kuliko maelezo marefu.

Basi gari limegoma. Jiulize swali la kwanza: je, injini inazunguka?

Ukizungusha ufunguo usikie "tak" moja tu, au injini ijivute kwa uvivu kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni, usifikirie petroli wala plagi. Shida iko kwenye umeme wa kuzungushia: betri, stata, au nyaya nene zinazounganisha vitu hivyo. Wewe mwanafunzi wa fizikia unalijua jambo hili. Shaba ikipata joto, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 za Selsiasi huongezeka kwa karibu asilimia 30. Stata nzima huvumilia hayo. Stata iliyochakaa, au waya wenye kutu kwenye kiungo, hushindwa.

Kipimo chake hakihitaji gharama kubwa. Tafuta mita ya umeme, ile ndogo ya kawaida. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi. Mwenzako azungushe stata nawe ukitazama mita. Volti zikishuka chini ya 9.6, ishuku betri kwanza, kisha stata inayokula umeme kupita kiasi. Zisiposhuka hivyo na stata ingali mvivu, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata izungushwe tena. Mita ionyeshe chini ya nusu volti. Ikizidi hapo, waya wa hasi au viungo vyake ni vibovu. Kuvifungua, kuvisugua kwa msasa na kuvikaza tena ni kazi ya robo saa, na huenda ukaponea hapo bila kununua stata.

Tuseme injini inazunguka kwa nguvu zake zote lakini haishiki. Hapo kilichokosekana ni petroli au cheche ya plagi. Usikimbilie kufungua chochote. Kuna majaribio mawili unayoweza kufanya ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

La kwanza ni kwa magari ya injekta, ambayo ndiyo mengi barabarani siku hizi. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usifikie stata. Ngoja sekunde 3, zima. Fanya hivyo mara tatu. Katika magari mengi, kila mara pampu ya petroli iliyo ndani ya tangi husukuma kidogo kisha hunyamaza. Halafu washa. Gari likishika mara moja, umegundua jambo kubwa: petroli haikai kwenye bomba gari linapozimwa. Pengine vali ndogo ya pampu inayoizuia isirudi kwenye tangi imelegea, au injekta mojawapo inavuja. Bomba likiwa halina msukumo wa kutosha, joto huigeuza petroli kuwa mvuke, na injekta haziwezi kunyunyiza mvuke. Fundi atathibitisha kwa kufunga geji kwenye bomba la petroli, kuzima injini, na kutazama kama mshale unashuka ghafla katika dakika 5 za kwanza.

Usishangae kwamba petroli inaweza kuchemka garini. Petroli ni mchanganyiko wa viowevu vingi, na vile vyepesi kabisa huanza kuchemka hata kabla ya kufika nyuzijoto 40. Isitoshe, kadiri unavyopanda juu ndivyo viowevu huchemka upesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chai ya Nairobi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Petroli nayo ni vivyo hivyo.

Jaribio la pili ni la petroli iliyozidi. Ukisikia harufu kali ya petroli, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini kabisa, ishikilie hapo bila kuipampu, kisha zungusha stata kwa sekunde zisizozidi 10. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta ikiona pedali imekanyagwa hivyo wakati wa kuwasha, hukata petroli na kuacha hewa peke yake isafishe silinda. Gari likitetemeka, likatoa moshi mweusi na kuwaka, basi lilikuwa limelewa petroli. Washukiwa ni wawili: injekta inayovuja, na sensa ya joto la maji. Sensa hii ndiyo huiambia kompyuta kama injini ni baridi au moto. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta humwaga petroli nyingi kama ya asubuhi. Katika magari mengi ya Kijapani, sensa nzima hupima kati ya ohmu 2,000 na 3,000 ikiwa na nyuzijoto 20, na kati ya 200 na 400 ikiwa na nyuzijoto 80. Ikiwa injini ni moto na sensa ingali inasoma maelfu, mwongo umemshika.

Wenye magari ya zamani ya kabureta, kama Peugeot 504 au Datsun 1200, watalifahamu jambo hili vyema. Joto huichemsha petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta, ikafurika na kuingia kwenye injini. Dawa ya haraka ni ile ile ya pedali hadi chini. Ukiipampu unazidi kuongeza mafuriko.

Majaribio yote mawili yakishindwa, na hakuna harufu ya petroli iliyozidi, ishuku cheche. Mwenzako atazame mshale unaoonyesha mizunguko ya injini wakati stata inazunguka. Kwa magari mengi mshale huo hucheza kidogo. Usipotikisika kabisa, huenda sensa ya krenki, ambayo huipa kompyuta habari kwamba injini inazunguka, imekufa kwa joto. Hii ni hila inayojulikana sana: ndani ya sensa kuna waya mwembamba uliokatika, ukiwa baridi ncha zake hugusana, ukipata joto huachana. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari mara nyingi itaonyesha P0335. Lakini mashine isipoonyesha kitu, usiiamini moja kwa moja, kwani huenda ilisoma gari limepoa.

Koili nayo huugua vivyo hivyo. Zima gari, chukua kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa vizuri, kiweke juu ya koili kwa dakika 5, kiondoe, kisha washa. Gari likishika wakati sehemu nyingine zote zingali moto, mwizi umemkaribia. Usimwage maji juu ya injini yenye moto. Chuma huweza kupasuka, na gharama yake ni nyingine kabisa. Wala usishike waya wa plagi kwa mkono ukitafuta cheche. Umeme wake ni maelfu ya volti, na pale penye mvuke wa petroli cheche moja yatosha kuunguza gari zima.

Ikiwa petroli iko, cheche iko, na bado gari ni gumu kuwaka likiwa na joto, mwambie fundi apime mgandamizo wa hewa katika silinda injini ikiwa moto. Vali zilizokazwa kupita kiasi hufunga vizuri injini ikiwa baridi, lakini chuma kikitanuka kwa joto hubaki wazi kidogo, na hewa ikavuja. Kuzirekebisha mapema ni kazi ndogo. Ukipuuza, vali huungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa turudi kwa fundi wako. Simlaumu; daktari naye hawezi kutibu homa iliyoondoka jana. Mpelekee gari likiwa moto. Kaa naye, zima, mngoje zile dakika 20, mlione likigoma pamoja. Mpe maelezo kama haya: "Bwana fundi, injini inazunguka vizuri. Ikikaa dakika 20 haishiki. Nikiwasha ufunguo mara tatu bila kufika stata, inashika." Fundi mwerevu akisikia hivyo ataweka chini plagi alizokuwa amezishika. Naye akikuambia anataka kubadilisha kipuri, muulize kwa upole: "Umekipima kikiwa moto?" Swali hilo fupi huokoa maelfu ya shilingi.

Mwachie mtoto mmoja wa nyumbani daftari la gari. Aandike tarehe, muda gari lilipozimwa, kama lilizunguka, kama palikuwa na harufu, na lililosaidia. Baada ya kugoma mara tatu, utaona mtindo. Mtoto naye atakuwa ameona somo lake la sayansi likifanya kazi mbele ya macho yake.

Lakini usalama kwanza. Likigoma barabarani, washa taa za hatari, weka pembetatu zako nyuma, na watu washuke wakae mbali na lami. Usifungue kifuniko cha rediata ikiwa moto. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa wakati mmoja. Ipumzishe nusu dakika. Gari la gia za mkono laweza kusukumwa likawaka ikiwa shida ni stata. La gia za otomatiki, usijisumbue. Na ukiona petroli ikidondoka, acha kila jaribio, ondoa watu, ita msaada.

Kabla ya safari ijayo na watoto, fanya mtihani huu Jumamosi moja mtaani mwako. Endesha gari nusu saa, lizime kwa dakika 20, kisha liwashe. Heri likukatalie karibu na nyumbani mchana, kuliko likukatalie usiku porini.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.